Dripu ya chumvi na sukari: Lini huokoa maisha na lini huyahatarisha?

Chupa ya maji iliyotundikwa juu ya kitanda cha mgonjwa ni miongoni mwa alama za matibabu zinazoaminiwa sana Afrika Mashariki. Kuanzia Majanji, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria nchini Uganda, hadi Busia na Tororo karibu na mpaka wa Kenya, si ajabu kusikia jamaa wa mgonjwa wakiomba awekewe dripu ili "apate nguvu", hata pale mgonjwa mwenyewe anapoweza kula na kunywa.

Imani hiyo ina msingi wake. Maji ya chumvi yanayoingizwa kwenye mshipa wa damu yameokoa wagonjwa wa kipindupindu wasiohesabika tangu daktari Thomas Latta wa Leith, Scotland, alipoyatumia mwaka 1832. Hata leo, mgonjwa aliyeharisha hadi macho yakadidimia na mapigo ya moyo yakafifia anaweza kufa ndani ya saa chache asipoyapata.

Hata hivyo, maji hayo ni dawa. Kama dawa nyingine yoyote, yana kipimo chake, yana kasi yake, na wapo wagonjwa wasiostahili kupewa. Ushahidi mzito wa jambo hilo haukutoka Ulaya wala Marekani. Ulitoka katika wodi za watoto za Afrika Mashariki, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale, ambayo hupokea wagonjwa kutoka wilaya za Busia na Tororo.

Nini kimo ndani ya chupa?

Kwa macho, chupa za dripu hufanana: maji maangavu yasiyo na rangi. Yaliyomo hutofautiana sana, na kuzichanganya kunaweza kugharimu maisha.

Ya kwanza ni maji ya chumvi ya kawaida. Kila lita ina gramu 9 za chumvi, ndiyo maana chupa huandikwa asilimia 0.9. Kiwango hicho kinakaribiana na uzito wa chumvichumvi katika damu, kwa hiyo maji hayo hayakimbilii ndani ya seli, na sehemu yake hubaki katika mishipa kwa muda.

Ya pili ni maji ya Ringer lakteti, yaliyopewa jina la Sydney Ringer, daktari wa London wa karne ya 19. Mbali na chumvi, yana potasiamu, kalisi na lakteti, ambayo mwili huigeuza kuwa kitu cha kupunguza asidi katika damu. Kwa mtu aliyepungukiwa sana na maji kutokana na kuhara, Shirika la Afya Duniani, WHO, huyaweka mbele, na yasipopatikana ndipo hutumiwa maji ya chumvi ya kawaida.

Ya tatu ni deksitrosi ya asilimia 5, ambayo wengi huiita maji ya sukari. Lita moja ina gramu 50 za sukari na haina chumvi hata chembe. Ikiwa bado ndani ya chupa, uzito wake unalingana na wa damu. Ikishaingia mwilini, sukari hutumika haraka na kinachobaki ni maji matupu. Maji hayo hayakai kwenye mishipa. Huenea mwilini na kupenya ndani ya seli, zikiwemo seli za ubongo.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Ubongo umefungwa ndani ya fuvu na hauna nafasi ya kuvimba. Mtoto anayepewa maji mengi ya sukari yasiyo na chumvi anaweza kushukiwa na kiwango cha chumvi katika damu, akapata degedege, akapoteza fahamu na hata kufariki. Kwa sababu hiyo deksitrosi ya asilimia 5 peke yake haifai kumrudishia maji mtu aliyeharisha, ingawa nayo ni dripu kama nyingine.

Ya nne ni deksitrosi ya asilimia 50, ambayo ni nzito na hutumiwa kwa dharura kwa mtu mzima ambaye sukari yake imeshuka ghafla. Inaweza kuunguza mshipa, na kwa mtoto ni lazima iongezwe maji safi ya sindano kwanza hadi ifikie asilimia 10.

Utafiti uliowashangaza madaktari

Kwa miaka mingi, mafunzo ya tiba ya dharura katika nchi tajiri yalielekeza kwamba mtoto mwenye maambukizi makali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, amiminiwe maji ya chumvi kwa haraka. Hoja ilikuwa rahisi kuelewa: ukijaza mishipa, moyo utapata cha kusukuma, na viungo vitapata damu. Hospitali za nchi hizo zilikuwa na mashine za kupumulia na vyumba vya wagonjwa mahututi endapo mambo yangeharibika.

Swali lilikuwa kama utaratibu huo unafaa pia katika hospitali ambazo hazina mashine hizo. Ili kulijibu, watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, anayefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Kilifi kwenye pwani ya Kenya, pamoja na wenzao wa Uganda na Tanzania akiwemo Profesa Sarah Kiguli wa Chuo Kikuu cha Makerere, walianzisha mwaka 2009 utafiti ulioitwa FEAST. Ulifanyika katika hospitali sita: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, Kilifi nchini Kenya, na Teule iliyoko Muheza, Tanzania.

Watoto walioingizwa walikuwa na homa kali, wakiwa wamepungukiwa fahamu au wakipumua kwa shida, na walikuwa na dalili kwamba damu haiwafikii vizuri viungoni, kama vile miguu kuwa baridi au mapigo ya moyo kuwa dhaifu. Waliokuwa na ugonjwa wa kuhara, utapiamlo mkali au majeraha ya moto hawakuhusishwa. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na malaria, na karibu theluthi moja walikuwa na upungufu mkubwa wa damu.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilimiminiwa kwa haraka maji ya chumvi, kati ya mililita 20 na 40 kwa kila kilo ya uzito. La pili lilipewa kwa kiasi hicho hicho albumini, ambayo ni protini inayotokana na damu. La tatu halikumiminiwa maji ya haraka. Lilipewa kiasi kidogo tu cha kila saa cha kumtosha mtoto asiyeweza kunywa. Makundi yote yalipata matibabu mengine kwa usawa, zikiwemo dawa za malaria na za kuua vijidudu, na damu kwa waliohitaji.

Matokeo yalikuwa kinyume cha matarajio. Ndani ya saa 48, asilimia 10.6 ya watoto waliopewa albumini na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka walikuwa wamefariki. Katika kundi ambalo halikumiminiwa maji, waliofariki walikuwa asilimia 7.3. Kwa maneno mengine, kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa maji, walikufa watatu zaidi. Mwezi Januari 2011, kabla ya kufikia idadi ya watoto iliyopangwa, utafiti ulisimamishwa, na matokeo yakachapishwa mwezi Mei mwaka huo katika jarida la tiba la New England la Marekani.

Wapo madaktari walioyapinga, wakisema tofauti hiyo ilisababishwa na malaria na upungufu wa damu, mambo yasiyo ya kawaida Ulaya. Lakini madhara yalionekana pia kwa watoto wasiokuwa na malaria na kwa wale ambao damu yao haikuwa imepungua sana.

Kwa nini maji yaliua?

Wengi walidhani kwamba watoto hao walifariki kwa sababu maji yalijaa katika mapafu au ubongo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa hiyo haikuwa sababu kuu. Vifo vingi vya ziada vilitokana na moyo na mishipa kushindwa kufanya kazi, mara nyingi saa kadhaa baada ya mtoto kuonekana amepata nafuu.

Uchambuzi mwingine wa mwaka 2019 ulieleza zaidi. Maji ya chumvi ya kawaida yana kloridi nyingi kuliko damu, na yakiingia kwa wingi huongeza asidi katika damu ya mtu ambaye tayari ana asidi nyingi kwa sababu ya ugonjwa. Maji hayo pia huizimua damu. Mtoto mwenye malaria ambaye chembe zake nyekundu zimekwisha kuharibiwa hubaki na damu nyepesi zaidi, isiyoweza kubeba oksijeni ya kutosha. Anachohitaji mtoto huyo ni damu, na kumwongezea maji kunamzidishia upungufu.

Kwa wakazi wa ukanda wa Busia na Tororo, jambo hili si la nadharia. Maeneo ya pande zote mbili za mpaka huo yako katika ukanda wa Ziwa Victoria ambako malaria ni kali, na watafiti kwa miaka mingi waliihesabu Tororo miongoni mwa sehemu zenye maambukizi makubwa ya ugonjwa huo barani Afrika. Mtoto anayefikishwa hospitalini akiwa na homa, mweupe viganjani na akihema kwa nguvu, ndiye hasa aliyekuwa katika utafiti ule.

Watu wazima nao hawakuachwa nje. Katika utafiti uliofanyika Lusaka, Zambia, na kuchapishwa mwaka 2017, wagonjwa watu wazima wenye maambukizi makali katika damu na shinikizo la damu lililoshuka walifuatiliwa. Kati ya waliopewa maji mengi mapema pamoja na dawa za kupandisha shinikizo, asilimia 48 walifariki hospitalini, ikilinganishwa na asilimia 33 ya waliopata huduma ya kawaida.

Mwaka 2016 WHO ilibadilisha mwongozo wake kuhusu watoto mahututi. Sasa maji ya haraka hayapendekezwi kwa mtoto mwenye homa ambaye ana dalili moja au mbili tu za damu kutozunguka vizuri. Mtoto huhesabiwa kuwa katika hali hiyo ya hatari akiwa na dalili zote tatu kwa pamoja: mikono na miguu baridi, mapigo dhaifu yanayokwenda mbio, na ngozi inayochukua zaidi ya sekunde tatu kurudisha rangi baada ya kubonyezwa. Hata hapo, maji hupewa kwa kiasi na mtoto huangaliwa kwa karibu.

Nani basi anahitaji maji ya haraka?

Jibu lililo wazi zaidi ni mgonjwa aliyepoteza maji mengi kwa kuhara na kutapika, hasa kwa kipindupindu, ugonjwa ambao jamii za wavuvi wa mwambao wa Ziwa Victoria wanaufahamu. Huyu amepungukiwa na kitu kilekile kilichomo ndani ya chupa.

Mwongozo wa WHO unaelekeza kwamba mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja aliyepungukiwa sana na maji apewe mililita 100 kwa kila kilo ndani ya saa tatu: mililita 30 kwa kilo katika nusu saa ya kwanza, na 70 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Kwa mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja, kiasi hicho hicho huenda polepole zaidi, kwa saa sita.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima. Mtoto wa kilo 10 mwenye kipindupindu anaweza kuhitaji lita nzima katika saa tatu, naye akapona. Mtoto wa kitanda cha pili, mwenye uzito huo huo lakini mwenye malaria na upungufu wa damu, anaweza kuuawa na sehemu tu ya maji hayo. Kutofautisha wawili hao ni kazi ya mhudumu mwenye ujuzi, na haiwezi kufanywa kwa kuangalia homa peke yake.

Watoto wenye utapiamlo mkali wana uangalizi wao, kwa kuwa kwa muda mrefu madaktari wamehofia kwamba moyo wao dhaifu hauwezi kuhimili maji ya mshipani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofanyika Kenya, Uganda, Niger na Nigeria kwa watoto 272 wenye utapiamlo mkali na kuhara, haukuona tofauti kubwa ya vifo kati ya waliorudishiwa maji kwa njia ya tumbo na waliopewa kwa mshipa. Mjadala kuhusu kundi hilo unaendelea.

Kwa watu wazima, wenye ugonjwa wa moyo au figo wanaweza kujaa maji kwa chupa ambayo kwa mwingine isingekuwa na neno. Na mwenye kisukari ambaye sukari yake imepanda anaweza kudhurika zaidi akipewa maji ya sukari bila kupimwa.

Sukari si chakula cha mshipani

Gramu 50 za sukari zilizomo katika lita ya deksitrosi ya asilimia 5 ni sawa na vijiko 12 hivi vya chai. Nguvu yake haizidi kalori 200, na hakuna protini, mafuta wala vitamini. Mtu anayeweza kumeza atapata zaidi kutoka kwenye bakuli la uji wa maziwa kuliko kwenye chupa hiyo, bila kutobolewa mshipa na bila kuingiza vijidudu mwilini.

Nafasi ya kweli ya sukari ni pale inaposhuka katika damu, jambo linalowapata watoto wengi wenye malaria kali. Kiwango kikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, mtoto hupewa deksitrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, kisha hupimwa tena. Pale ambapo mshipa haujapatikana, sukari iliyoloweshwa na kuwekwa chini ya ulimi, kijiko kimoja cha chai, inaweza kusaidia wakati mtoto akikimbizwa hospitalini.

Historia ya kwinini nayo inaeleza kwa nini watu wengi huhusisha malaria na dripu. Dawa hiyo ilikuwa ikipewa taratibu ndani ya maji ya sukari, kwa sababu yenyewe hushusha sukari ya damu. Siku hizi dawa inayopendekezwa kwa malaria kali ni sindano ya atesuneti, ambayo haihitaji chupa ya maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Uganda, Kenya na Tanzania, ulionyesha kuwa vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa atesuneti na 10.9 kwa waliopewa kwinini. Mgonjwa wa malaria asiyewekewa dripu si lazima awe amenyimwa matibabu.

Kasi ya matone

Mtoto wa kilo 10 ana takriban mililita 800 za damu mwilini mwake. Chupa ndogo ya mililita 500 ni zaidi ya nusu ya damu yote hiyo. Iwapo kidhibiti cha mpira kitaachwa wazi mhudumu akiwa na wagonjwa wengine, inaweza kuisha kabla ya mtu kugundua.

Mpira wenyewe pia una maana. Ule wa watoto hutoa matone 60 kwa mililita moja, ilhali wa watu wazima kwa kawaida hutoa matone 20. Mtoto aliyeandikiwa mililita 40 kwa saa atapata matone 40 kwa dakika kwa mpira wa watoto. Akifungiwa mpira wa watu wazima na matone yakahesabiwa vilevile, atapata mililita 120, mara tatu ya kipimo.

Katika wodi yenye wauguzi wachache, jamaa aliyeketi kando ya kitanda huwa msaada mkubwa. Hapaswi kugusa kidhibiti, lakini anaweza kuuliza na kuangalia:

- Ni maji ya aina gani, na ni ya kutibu tatizo gani?
- Yanatakiwa yaishe baada ya saa ngapi?
- Je, mgonjwa amepimwa uzito, sukari na wingi wa damu?
- Je, chupa haijapita muda wake, haivuji, na maji yake ni maangavu?

Mhudumu aitwe mara moja iwapo mgonjwa ataanza kuhema kwa kasi zaidi, kukohoa, kuvimba kope au miguu, kupata degedege, au kulegea baada ya kuwa amechangamka. Aitwe pia ikiwa mkono umevimba, umekuwa mwekundu au unauma pale sindano ilipoingia.

Njia ya mdomo bado ndiyo ya kwanza

Kwa wagonjwa wengi wa kuhara, maji ya ORS yanatosha. Pakiti moja ya gramu 20.5 huchanganywa na lita moja ya maji safi. Ina chumvi na sukari kwa uwiano maalumu, kwa kuwa katika utumbo sukari huisaidia chumvi kupenya, na chumvi huvuta maji. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh iliyokuwa Bangaon, India, chupa za dripu zilipokwisha wakati wa mlipuko wa kipindupindu, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa mchanganyiko wa aina hiyo wanywe, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Pakiti zikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa vinaweza kumsaidia mgonjwa akiwa njiani. Mtoto mwenye kuhara huongezewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya au kula.

Asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au aliyepoteza fahamu apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Huko ndiko vilipo vipimo vya kuamua kama anahitaji maji ya chumvi, sukari, damu, au hahitaji dripu yoyote.